Mama Bustani Anajibiwa, Mimi Sijibiwi

Jumatatu, 3 Machi

Nakiri. Sijamwambia mtu yeyote, wewe daftari ndiye wa kwanza: leo saa nne asubuhi nimejijibu mwenyewe.

Si kwa mdomo. Kwa mdomo nimeshazoea. Nimejijibu kwa maandishi, mbele ya watu elfu kumi na mbili, nikijifanya mtu mwingine.

Nianze mwanzo. Nimemaliza shule miezi mitatu iliyopita. Nasubiri matokeo. Baba alisema sitakaa nyumbani kuhesabu mbao za dari, akanileta kwa dada yake, yaani shangazi, fundi wa nguo. Chumba cha mbele ni cha kushonea, cha nyuma ni cha kulala. Kazi zangu ni kupiga pasi, kukata nyuzi zilizoning'inia na kushona vifungo. Kati ya kiti changu na cherehani ya shangazi ni hatua tatu. Jana nilihesabu maneno niliyomwambia siku nzima. Kumi na moja! Na manne kati ya hayo ni "ndiyo, shangazi" mara mbili.

Si kwamba simpendi. Nampenda. Ila sentensi zangu zikifika kooni zinapanga foleni, na zamu yao ikifika mazungumzo yameshahamia kwingine.

Rafiki yangu wa dawati moja yuko chuoni, mji mwingine. Aliahidi kuniandikia kila siku. Mpaka sasa amenitumia picha moja ya mlango wa bweni lake. Bila neno. Ule mlango nimeutazama sana.

Ndipo nikajiunga na kozi ya mtandaoni, "Udongo na Uhai Wake". Nilichagua udongo kwa sababu udongo hausemi. Kosa! Kozi nzima ni kusema. Unatia udongo na maji kwenye chupa ya kioo, unatikisa, unaacha utulie, unapiga picha, unaiweka jukwaani, halafu "tunajadiliana". Na somo la pili halifunguki mpaka chapisho lako lijibiwe na wenzako wawili. Mwisho ni Jumatano ya wiki ijayo, saa sita mchana.

Langu lina siku tano. Niliandika na kufuta mara tisa. Mwishowe: "Habari zenu. Udongo wangu umejigawa matabaka matatu. Je, wa kwenu?"

Majibu: sifuri.

Yuko mtu anajiita Profesa Jembe. Si profesa, maelezo yake yanasema ni mpishi wa hoteli. Aliweka picha ya viatu vyake vina matope. Majibu mia mbili na kumi na mawili. Viatu!

Basi nikachukua simu ya zamani ya shangazi, ile ya kuhifadhia picha za mishono, nikafungua akaunti ya pili. Jina: Mama Bustani. Muuguzi mstaafu, wajukuu tisa. Picha yake ni ua la kwenye pazia letu. Akaniandikia: "Hongera mwanangu. Udongo wako umetulia vizuri sana. Usichoke."

Nimesoma mara nne. Nilifurahi kwelikweli, mpaka nikakumbuka aliyeandika.

Limebaki jibu moja.

Jumanne, 4 Machi

Maafa.

Nimeamka, chapisho langu lina majibu thelathini na moja. Moyo ukaruka! Nikafungua. Wote wanamjibu Mama Bustani. Karibu sana mama yetu. Mama, maneno yako yamenigusa. Mama, mbolea ya kuku inakaa siku ngapi? Mmoja amesema anamkumbusha marehemu bibi yake. Mimi hakuna aliyenigusa. Wamepita juu yangu kama zulia la mlangoni.

Na mtambo wa kozi hauhesabu majibu ya kumjibu aliyejibu. Wangu bado ni mmoja, yaani mimi.

Nikapanga mbinu. Mama Bustani akaandika: "Wanangu, asanteni, lakini mjibuni huyu binti mwenye chapisho lake." Wakamsifu kwa moyo wake wa huruma. Sifa arobaini. Halafu wakarudi kwenye mbolea ya kuku.

Shangazi kauliza chupa yake ya vifungo iko wapi. Vifungo nilivimwaga kwenye sahani ya kikombe, chupa iko dirishani imejaa udongo. Nikasema sijui, shangazi. Akatazama dirisha. Akanitazama mimi. Akaendelea kushona. Ashukuriwe Mungu, hakuiona.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuandika, Mama Bustani alikuwa na kazi nyingi.

Profesa Jembe ametangaza jukwaani kuwa udongo wa mfinyanzi hauoteshi kitu. Mimi nilishaandika wiki iliyopita kwamba unaotesha ukichanganywa na mboji. Hakuna aliyeona. Leo Mama Bustani kaandika maneno yale yale, nimeyanakili neno kwa neno, nikaongeza "wajukuu zangu" mwanzoni. Profesa Jembe akasalimu amri hadharani! Akasema hajawahi kukutana na hekima ya namna hiyo. Ameanzisha kikundi, "Watoto wa Mama Bustani". Watu themanini kabla ya chakula cha mchana.

Nimeomba kujiunga. Kwa jina langu. Jibu: ombi lako linasubiri kupitishwa na Profesa Jembe.

Kisha akaomba Mama aweke picha ya chupa yake. Mama hana chupa. Mama hana hata mikono! Nikaichukua yangu, nikaigeuza ubavu wa pili, nikaipeleka upande wa meza ya pasi ili ionekane nyumba nyingine. Nilipoigeuza ilitikisika. Siku nane za kutulia zimevurugika, ndani mmekuwa kama uji. Nikangoja dakika ishirini, nikapiga, nikaweka. Baadaye nikaona chini kabisa, kwenye mchanga, kuna kifungo cha kijani. Kilibaki nilipomwaga vile vingine. Hakuna atakayekigundua. Ni kidogo.

Alasiri amekuja yule mteja wa gauni la kijani, ambaye keshabadilisha mawazo mara nne kuhusu mikono ya gauni lake. Shangazi akachukua simu ya zamani amwonyeshe picha za mishono. Nusura nizimie. Akaitazama muda mrefu kuliko unaohitajika kuchagua mikono ya gauni. Alipoirudisha akasema simu hii siku hizi ina wageni wengi.

Bila shaka alimaanisha wateja.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Bustani amepata ujumbe wa faragha. Si wa mbolea ya kuku! Ni mwanafunzi mgeni, kajiunga leo asubuhi, anajiita Sindano. Naunakili wote:

"Shikamoo mama. Naona watu wote wanakuuliza ya bustani, mimi nina la nyumbani. Nakaa na mtoto wa kaka yangu. Kamaliza shule. Ni mtoto mzuri, hana makuu, lakini hasemi. Nikimwuliza, ni ndiyo shangazi, hapana shangazi, basi. Mimi nami si mtu wa maneno, nimekaa peke yangu miaka mingi, nimezoea kusema na mashine. Nifanyeje mama?"

Maskini huyo binti! Popote alipo. Kufungiwa na shangazi asiyejua pa kuanzia. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga, nikageuka ukutani ili shangazi yangu asinione.

Nimemjibu Sindano kwa uzito wote. Nikamwambia: "Marahaba mwanangu. Kwanza punguza kazi. Hasa pasi. Hakuna kitu kinachoziba mdomo wa binti kama kupiga pasi." Hili nalijua kwa uzoefu.

Akajibu papo hapo: asante mama, sikulijua hilo.

Jioni nilijisikia vizuri. Nimemsaidia mtu. Angalau huyo binti atapumzika.

Jumamosi, 8 Machi

Ajabu. Shangazi kaniambia leo nisipige pasi. Akapiga mwenyewe, na pindo moja kaliunguza kwa sababu alikuwa ananitazama mimi. Nahisi anaumwa. Nilimwuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema hakimuumi. Nikamwuliza kama tumbo je. Akacheka! Akasema, wewe mtoto, leo umekuwa daktari?

Nimehesabu maneno yangu ya leo. Kumi na tisa. Sijawahi kufika huko.

Profesa Jembe hajapitisha ombi langu. Kikundi kina watu mia tatu na sita. Wananijadili mimi bila mimi.

Jumapili, 9 Machi

 Naandika haraka. Utanisamehe mwandiko.

Asubuhi Sindano amemwandikia Mama Bustani: "Mama, dawa yako imefanya kazi. Jana nilimwachisha pasi, akanisemesha. Maneno kumi na tisa. Nimehesabu."

Kumi na tisa.

Nikafungua ukurasa wa jana. Kumi na tisa. Nikainua kichwa. Shangazi alikuwa nyuma ya rundo la vitambaa, miwani kwenye ncha ya pua, anaandika kwenye simu yake kwa kidole kimoja, polepole, kama anayebonyeza kipele. Akabonyeza mara ya mwisho. Na hapo hapo simu ya zamani, ndani ya mfuko wa aproni yangu, ikalia.

Shangazi hakuinua kichwa. Alianza kuimba kwa pua.

Yaani Sindano ni yeye! Kumbe yule binti maskini ni mimi!

Sijui nikasirike au nifanye nini. Jambo moja tu nimelishika: naye huhesabu. Mimi nahesabu upande huu wa chumba, yeye anahesabu upande ule, na hesabu zetu zinalingana.

Lakini tulia. Fikiri. Yeye hajui kwamba Mama Bustani ni mimi. Mimi najua kwamba Sindano ni yeye. Kwa hiyo niko mbele kwa hatua moja. Mtu mwenye akili hawezi kuiacha nafasi kama hii.

Jumatatu, 10 Machi

Mbinu mpya imeanza saa tatu. Mama Bustani kamshauri Sindano ampe binti kiti cha dirishani, chenye mwanga. Saa tatu na robo shangazi kaniambia nihamie dirishani, eti mwanga wa huku unampofusha yeye. Saa nne Mama akashauri binti alale kidogo baada ya chakula. Nimelala. Saa tisa Mama akasema mabinti wengi wa umri ule hupenda redio isizimwe. Redio haikuzimwa. Nilikuwa malkia!

Nilikuwa nafikiria nimshauri kuhusu viatu vipya, ndipo ujumbe ukaingia:

"Mama, nikuulize la mwisho, nawe uniambie ukweli. Unadhani huyu mtoto ananichukia?"

Viatu nikavisahau.

Alikuwa pale pale. Hatua tatu. Sasa ni mbili na nusu kwa sababu ya kiti cha dirishani. Ameinama kwenye cherehani, lakini cherehani ilikuwa haitembei. Nilifungua mdomo. Nakuapia, daftari, niliufungua. Nilitaka kusema: hapana shangazi, hata kidogo, mimi ninapokukatia nyuzi huwa nazikata karibu sana na kitambaa ili ufurahi, na ukicheka nafurahi siku nzima. Sentensi yote hiyo ilikuwa tayari imesimama kwenye foleni. Ikatoka, "Shangazi."

Akasema, "Eeh, mwanangu?"

Nikasema, "Nyuzi zimekwisha?"

Akasema bado zipo.

Basi nikatoa simu mfukoni, na Mama Bustani akaandika: "Hakuchukii. Anakupenda kuliko unavyojua. Hajui tu aanzie wapi, kila akianza anaishia pengine. Mvumilie."

Shangazi akasoma. Akavua miwani. Akapenga kamasi kwa nguvu, akasema kitambaa hiki kina vumbi baya.

Nikasema ndiyo, shangazi.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya mwisho. Nimekaa na simu tangu saa mbili. Majibu: moja, la Mama Bustani. Nikawaandikia wanafunzi kumi na wawili kuomba wanijibu. Mmoja akajibu kwa faragha: je, ninaweza kumwombea nafasi ya kuzungumza na Mama Bustani?

Saa tano ikapita. Nilikuwa nimeshakubali. Nilijiambia watu wengi huishi vizuri tu bila somo la pili.

Saa tano na dakika arobaini, simu yangu mwenyewe ikalia. Yangu! Si ya Mama! Jibu jipya kwenye chapisho langu, nililoliandika na kufuta mara tisa:

"Habari binti. Udongo wangu nao una matabaka matatu. Juu maji, katikati tope laini, chini mchanga. Na ndani ya mchanga kuna kifungo cha kijani, cha saba kati ya saba, ambacho mwenye gauni anakifuata Ijumaa. Nimependa swali lako. Tuendelee kujadiliana." Na picha. Sindano.

Somo la pili likafunguka pale pale. Nyota zikarushwa kwenye kioo. Hongera, umejenga jamii ya wanafunzi!

Nikaitazama picha vizuri. Ni chupa yangu! Dirisha letu! Pazia letu! Shangazi kapiga picha ya chupa ya mtu mwingine akadai ni yake, mbele ya watu elfu kumi na mbili! Nilishangaa. Mtu mzima kabisa. Watu wengine hawana haya.

Lakini sitamsemea. Nimesoma jibu lake mara tisa, idadi ile ile niliyofuta. Na nimefanya hesabu nyingine, hii sikuipenda sana: kati ya watu elfu kumi na mbili, wote walionijibu wanakula meza moja na mimi. Mmoja wao ni mimi.

Saa saba kasoro, ujumbe kwa Mama Bustani: "Mama, asante kwa yote. Ukimwona huyo binti mwambie chai inapoa, kiti chake nimekivuta karibu, na kile kifungo nakihitaji kabla ya Ijumaa. Asikitafute kwa kuogopa. Mwambie na mimi sijui pa kuanzia. Pengine aanze yeyote tu."

Nilisoma, nikashusha pumzi. Salama! Hashuku hata chembe. Anadhani Mama Bustani anaweza kuniona kutoka huko aliko, maskini, haelewi mtandao unavyofanya kazi. Mama Bustani akamjibu: "Nitamwambia, mwanangu."

Nikaenda mezani. Kweli kiti kilikuwa karibu, magoti yetu yaligusana. Nikaweka kifungo kwenye sahani, nimekiosha. Akakitazama, akakitia mfukoni, akanimiminia chai, akauliza habari za udongo. Nikasema nzuri, shangazi. Akangoja. Nami nikangoja. Akaniongezea sukari bila mimi kuomba. Tukanywa. Karibu nianze. Karibu sana, nilikuwa na neno la kwanza kwenye ulimi, na nadhani hata yeye aliliona.

Lakini nikawaza, afadhali nijipange vizuri, niseme vizuri. Halafu somo la pili linataka majibu matatu, si mawili. Na Profesa Jembe bado hajapitisha ombi langu.

Kwa hiyo alasiri hii nimefungua akaunti ya tatu. Anaitwa Mzee Mboji. Mjane, mpole, fundi saa. Kesho atajiunga na kikundi cha Mama Bustani, aniombee niingizwe. Kisha atamwandikia Sindano, kwa adabu, na polepole, ndani ya wiki mbili tatu, atamfikishia lile neno la kwanza.

Safari hii haiwezi kuharibika. Simu ya zamani nimeirudisha pale pale juu ya rundo la vitambaa, kioo kikitazama juu, kama vile haijaguswa.

Wewe tu ndiye unayejua, daftari. Nakuomba, shangazi akikufungua kwa bahati mbaya, jifanye daftari la vipimo.